Jina la Ibo Liko Mnadani

Wareno walipofika kwenye visiwa vya kaskazini ya mji wa Pemba, katika pwani ya Msumbiji inayoitwa leo Cabo Delgado, waliwakuta wenyeji wakifuma kitambaa na kukitia rangi ya nili. Kitambaa hicho kiliitwa milwani. Sifa yake ilikuwa imekwenda mbali kiasi kwamba katika karne ya 16 Wareno waliviita visiwa vyenyewe Maluane, kwa jina la kitambaa, kabla jina la Kirimba, ambalo wao huliandika Quirimbas, halijashika. Mfumaji wa zama hizo hakuwa na haja ya ofisi ya kusajili chochote. Aliyetaka milwani alipanda chombo akaenda kisiwani, na kule alimkuta mwenye kazi amekaa kwenye kitanda chake cha mfumi.

Leo njia ya kwenda kisiwani inaanzia kwenye simu. Mtu wa Lisbon, Johannesburg au Dar es Salaam amesikia sifa za nyumba fulani ya wageni pale kisiwa cha Ibo. Analiandika jina la nyumba hiyo kwenye Google. Mstari wa kwanza unaojitokeza unaweza usiwe wa mwenye nyumba. Unaweza kuwa wa dalali wa mtandaoni aliye Ulaya, ambaye hajawahi kukanyaga mchanga wa Ibo, au wa hoteli nyingine kabisa iliyolipa ili itokee kila mtu anapolitafuta jina la jirani yake. Mwenye nyumba yuko chini, mstari wa tatu au wa nne, kama mtu aliyefungiwa nje ya mlango wake huku mgeni akipokelewa na mwingine barazani.

Nasema hili si jambo la wataalamu wa kompyuta peke yao. Ni suala la mali, na watu wa pwani hii hawana mali nyingi zilizobaki.

Utaratibu wenyewe uko hivi. Google huuza maneno kwa mnada. Oktoba 2000 ilianzisha huduma ya matangazo iliyoitwa AdWords, ambayo kuanzia 2018 inaitwa Google Ads. Siku hizi mfanyabiashara huchagua maneno anayoyataka, hutaja bei ya juu anayokubali kulipa kila tangazo lake linapobofywa, na mashine huendesha mnada papo hapo, kwa kufumba na kufumbua, kila mtu anapotafuta. Fedha peke yake haiamui. Mashine hupima pia kama tangazo na ukurasa wake vinahusiana na kile kinachotafutwa, na ndiyo maana mwenye jina kwa kawaida hulipata jina lake kwa bei nafuu kuliko mgeni. Lakini naye hulinunua. Jina alilopewa na wazazi wake, au alilolibuni mwenyewe akalichora juu ya mlango kwa rangi ya chokaa, anatakiwa kulilipia kila siku ili asipitwe.

Sheria ya alama za biashara ilitungwa kwa ajili ya vitu vinavyoonekana: karatasi iliyobandikwa kwenye kopo la maziwa, nembo kwenye gunia la sukari, ubao juu ya duka. Mtu akibandika nembo yako kwenye kopo lake, hakimu analitazama kopo na kuamua. Katika mnada wa maneno, jina lako linatumika kimyakimya. Halimo kwenye tangazo la mshindani wako. Limo nyuma ya pazia, kwenye hesabu zake na Google, na mteja haoni kwamba limenunuliwa. Je, hayo ni matumizi ya alama ya mtu? Swali hilo limezisumbua mahakama za dunia kwa miaka zaidi ya 15.

Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilitoa jibu lake tarehe 23 Machi 2010, katika shauri la Louis Vuitton na wenzake dhidi ya Google. Ilisema Google, kwa kuyauza tu maneno hayo, haiitumii alama ya mtu kwa namna inayovunja sheria ya alama. Anayeweza kuwa na kosa ni mwenye tangazo, na kosa lake linapimwa kwa kipimo kimoja: je, mtumiaji wa kawaida wa intaneti anaweza kutambua bila taabu kwamba bidhaa inayotangazwa haitoki kwa mwenye alama? Akishindwa, au akiweza kwa shida tu, haki ya mwenye alama imevunjwa. Mwaka uliofuata, tarehe 22 Septemba 2011, mahakama hiyohiyo ilishughulikia shauri la Interflora dhidi ya Marks & Spencer, na hapo kuna fundisho linaloigusa Ibo moja kwa moja. Interflora ni mtandao wa maduka ya maua yanayojitegemea, kila moja na mwenyewe, yakifanya kazi chini ya jina moja. Marks & Spencer ilinunua neno Interflora. Mahakama ilitambua kwamba jina likiwa la kundi la wafanyabiashara wadogo, ni rahisi zaidi mteja kudhani kuwa mtangazaji naye ni mmoja wa kundi. Na Kirimba hali ni hiyohiyo. Nyumba ndogo ndogo, wenye mashua, waongoza wageni, masonara wa fedha waliokaa ndani ya ngome ya São João Baptista iliyojengwa 1791: wote wanaishi kwa sifa moja ya visiwa. Dalali akisimama katikati yao mtandaoni, nani atajua kwamba si mwenzao?

Karibu zaidi na kwetu, Mahakama ya Juu ya Rufani ya Afrika Kusini iliamua Mei 2016 shauri la kampuni mbili za uzio, Cochrane Steel Products na M-Systems. M-Systems ilikuwa imelinunua kwenye Google neno ClearVu, ambalo Cochrane ililitumia kwa uzio wake lakini lilikuwa bado halijasajiliwa kuwa alama. Kwa kuwa tangazo la M-Systems halikulitaja jina hilo, mahakama iliona kwamba mteja hakupotoshwa, na Cochrane ikashindwa. Majaji hawakutaka kumpa mwenye jina lisilosajiliwa ulinzi usio na mwisho ambao hata sheria ya alama haimpi aliyesajili.

Nimeifikiria hukumu hiyo mara nyingi, na kwa sehemu nakubaliana nayo. Sokoni, mwenye duka jipya hufungua karibu na duka lenye jina, kwa sababu ndiko watu wanakokwenda. Huo si wizi. Muuza samaki wa Mocímboa akipanga meza yake jirani na meza yenye wateja wengi, hakuna anayemshitaki. Mteja ana haki ya kuoneshwa kitu kingine na kulinganisha bei. Sheria ikimpa mwenye jina uwezo wa kufukuza kila mshindani anayeonekana jirani na jina lake, itakayofaidika kwanza ni kampuni kubwa, maana ndiyo yenye majina makubwa na mawakili wengi.

Lakini meza ya jirani ni jambo moja, na kumkamata mteja mkono akiwa njiani kwenda kwa mwenzako, ukamwambia kule kumefungwa, ni jambo jingine. Mwaka 2016 nyumba ya wageni iitwayo Buckeye Tree Lodge, iliyo karibu na Hifadhi ya Taifa ya Sequoia huko California, iliishitaki Expedia katika mahakama ya shirikisho ya Marekani. Malalamiko yake yalikuwa kwamba Expedia iliyatumia kwenye matangazo na kurasa zake majina ya nyumba ambazo haikuwa na mkataba nazo. Msafiri alilitafuta jina la nyumba, akabofya, akafika mahali palipomfanya aamini kwamba nyumba ile haina nafasi, kisha akaelekezwa kwenye hoteli nyingine ambazo dalali anapata fungu lake kwazo. Mwenye nyumba wakati huohuo alikuwa na vyumba vitupu na funguo zake zinaning'inia ukutani.

Shauri hilo lingeweza kutokea Ibo neno kwa neno. Na hapa nataka msomaji ajue hali ya watu hawa ilivyo. Mashambulizi ya wapiganaji wenye silaha yalianza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017. Tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga Kenneth kikatua kaskazini ya Pemba, kikaezua mapaa ya Ibo na Macomia. Machi 2021 Palma ikavamiwa. Mamia ya maelfu ya watu walihama, na visiwa vilivyokuwa vikipokea watalii vikaanza kupokea wakimbizi waliovuka kwa mashua wakiwa na watoto na masufuria yao. Biashara ya wageni ilikauka. Aliyekuwa na nyumba ya wageni aliifunga au aliigeuza kuwa makazi ya ndugu. Paa linaezekwa upya, mashua inaundwa nyingine. Jina ndilo pekee ambalo halikuungua wala kupeperushwa: liliendelea kukaa vichwani mwa watu waliowahi kufika, wakala pweza, wakalala wakisikia maji yakijaa kwenye mikoko. Siku mgeni huyo anapoamua kurudi, au anapomwelekeza rafiki yake, hatafuti "malazi visiwani". Analitafuta jina. Basi ushuru unaotozwa kwenye jina hilo unamwangukia mtu ambaye hana kingine alichobakiza.

Tena mnada wenyewe haumwachii nafasi. Mwenye nyumba ya vyumba vitano, anayelipwa kwa M-Pesa au e-Mola, mara nyingi hana kadi ya benki ya kulipia matangazo ya kampuni ya nje, wala hana mtu wa kukaa akiangalia bei za maneno zikipanda na kushuka. Dalali anafanya hivyo kwa maelfu ya majina kwa pamoja, kwa mashine. Akipata mgeni, anakata fungu lake kwenye malipo. Hivyo mwenye nyumba analipa mara mbili: anapokonywa mteja aliyekuwa anakuja kwake moja kwa moja, kisha anauziwa mteja huyohuyo.

Mahakama Kuu ya Delhi iliuona upande huu. Tarehe 10 Agosti 2023, katika shauri lililohusu jina la kampuni ya kuhamisha mizigo ya Agarwal Packers and Movers, ilisema kununua neno si kosa peke yake pasipo kumchanganya mteja. Lakini iliongeza jambo ambalo Ulaya ililikwepa: Google si mtazamaji tu katika mnada huu. Inauza, inapendekeza maneno, inapata faida. Kwa hiyo haiwezi kujificha nyuma ya kinga wanayopewa wapitishaji wa habari tu endapo alama ya mtu itavunjwa. Naona India imesema sawa. Mwenye soko anayepokea kodi ya meza hawezi kusema hajui kinachouzwa juu ya meza hiyo.

Sasa mtu wa Cabo Delgado ana nini mkononi? Msumbiji ina Kanuni ya Miliki ya Viwanda, iliyopitishwa kwa Amri namba 47 ya 2015, na taasisi ya kuisimamia, Instituto da Propriedade Industrial, yenye makao makuu Maputo. Sheria hiyo hailindi alama za biashara peke yake. Inatambua pia jina la biashara, nembo ya jengo la biashara, na viashiria vya kijiografia, yaani jina la mahali linapokuwa ndiyo sifa ya bidhaa. Alama husajiliwa kwa miaka 10 na kuhuishwa, na kila baada ya miaka 5 mwenye alama anatakiwa kutoa tamko kwamba bado anakusudia kuitumia. Sharti hilo la tamko wengi hawalijui, na aliyefungiwa biashara na vita ndiye aliye rahisi zaidi kulisahau. Zaidi ya hayo, Msumbiji imo katika mfumo wa Madrid wa kusajili alama kimataifa tangu 1998 na katika Itifaki ya Banjul ya ARIPO, shirika la miliki bunifu la kanda ya Afrika, tangu 2020, maana yake mtu aliye nje ya nchi anaweza kuomba ulinzi wa alama yake Msumbiji bila kufika Maputo. Mtu wa Ibo, aliye ndani ya nchi, ana zaidi ya kilomita 2,000 za barabara kati yake na makao makuu hayo.

Usajili hautibu kila kitu. Google hupokea malalamiko ya mwenye alama iliyosajiliwa, na ikiridhika huweza kuzuia jina lisiandikwe ndani ya tangazo la mtu mwingine, ingawa huwapa ruhusa fulani wanaouza bidhaa hiyo kihalali. Haizuii jina kununuliwa kama neno la kutafutia. Lakini pasipo usajili hata mlango huo wa malalamiko haufunguki vizuri, na mahakamani unabaki ukihangaika kuthibitisha sifa yako kama Cochrane. Usajili pia unahitaji akili ya lugha. Pwani hii kila mahali pana majina mawili: Wamwani, wenyeji wake, husema Wibo, Kisanga, Nsimbwa, karatasi za serikali husema Ibo, Quissanga, Mocímboa. Nyumba iliyobatizwa kwa Kimwani itaandikwa na Mreno kwa tahajia yake na Mtanzania kwa yake, na mnunuzi wa maneno huzinunua zote. Mwenye jina naye aziorodheshe zote anapolalamika.

Hofu yangu nyingine inakuja kutoka upande wa pili, na wanaotetea usajili mara nyingi huinyamazia. Tukisema kila mtu asajili, wapo watakaosajili kisicho chao. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili neno "kikoy". Vazi linalofungwa kiunoni kuanzia Lamu hadi Kirimba lingekuwa alama ya mtu mmoja katika nchi ya ng'ambo, na mfumaji wa Kenya angezuiwa kuuza kikoi huko kwa jina la kikoi. Wakenya walipinga wakisaidiwa na shirika la Traidcraft, na ombi likaishia njiani. Disney ilisajili "hakuna matata" Marekani mwaka 2003 kwa ajili ya mavazi. Ombi la mtandaoni la kuipinga lilipoanzishwa 2018, watu zaidi ya 100,000 walitia sahihi. Hayo ni maneno ya sote, na hakuna anayepaswa kuyafungia.

Na fikiria jina Pemba. Wareno walipaita mahali hapo Porto Amélia, kwa heshima ya malkia wao, na baada ya uhuru wa 1975 jina la wenyeji likarudi. Upande wa kaskazini kuna Pemba nyingine, ya karafuu, chini ya mamlaka ya Zanzibar. Watu wa Pemba hizi mbili wamejuana kwa majahazi miaka mingi, na hakuna aliyewahi kumwambia mwenzake abadili jina. Akitokea mtu akalisajili neno Pemba peke yake kwa huduma za hoteli, kisha akawalalamikia kwa Google wote wanaolitumia kwenye matangazo yao, atakuwa amewanyang'anya watu wa bandari mbili. Msajili wa Maputo, na wa BRELA kule Dar es Salaam, na wa Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali Zanzibar, wanapaswa kuyakataa maombi ya namna hiyo bila kusita. (Wasomaji wa Tanzania wakumbuke: alama iliyosajiliwa BRELA haivuki kwenda Zanzibar. Kule kuna sheria yake na daftari lake.)

Kwa majina ya mahali dawa ipo, nayo ni kiashiria cha kijiografia, ambacho hushikwa na wazalishaji wa mahali hapo kwa pamoja. Msumbiji imeanza: mbuzi wa Tete ndiye aliyekuwa wa kwanza nchini kupewa ulinzi huo. Ibo ina kahawa yake, inayoota na kupandwa kisiwani, inayosifika kwa kuwa na kafeini kidogo, ambayo shirika la Slow Food limeiweka katika orodha ya vyakula vinavyostahili kuhifadhiwa. Ina fedha yake, mikufu myembamba inayosokotwa kwa mkono, ambayo zamani masonara waliipata kwa kuyeyusha sarafu za Kireno. Kahawa ya Ibo na fedha ya Ibo ni majina yanayostahili daftari. Yakisha kusajiliwa kwa ajili ya wakulima na masonara wote wa kisiwa, muuzaji wa mbali anayetangaza "fedha ya Ibo" iliyotengenezwa kwa mashine kwingineko atakuwa na kesi ya kujibu, na Google itakuwa na karatasi ya kuisoma.

Kwa nyumba za wageni na wenye mashua, ombi langu kwa serikali ya mkoa ni dogo na linatekelezeka. Maafisa wa miliki ya viwanda wafike Pemba, Ibo, Palma na Mocímboa angalau mara moja kwa mwaka, wakae siku kadhaa pamoja na watu wa Balcão de Atendimento Único, ofisi ya serikali ya huduma za pamoja, wapokee maombi hapohapo, na ada ya mwenye nyumba ndogo aliyepoteza kila kitu tangu 2017 isamehewe kwa mara ya kwanza. Fedha nyingi zimetajwa kwa jina la mkoa huu tangu gesi ilipogunduliwa. Novemba 2025 kampuni ya TotalEnergies ilitangaza kuondoa hali ya dharura iliyousimamisha mradi wake wa gesi huko Afungi tangu Aprili 2021. Kampuni kubwa zitarudi na majina yao yakiwa yamelindwa kila kona. Haitakuwa haki wageni wa mradi huo wakitafuta mahali pa kulala kwa mwenyeji, wakapelekwa kwa dalali.

Kwa hakimu wa Pemba atakayeletewa shauri la kwanza la namna hii, naomba asiishie kuuliza kama jina limeonekana kwenye tangazo. Aulize mtu aliyelitafuta jina alifika wapi, na alipofika aliambiwa nini kuhusu mwenye jina. Akiambiwa uongo kwamba hakuna nafasi, au akiachwa adhani yuko kwa mwenyewe, huo ndio ushindani usio wa haki, hata kama tangazo halikulitaja jina mahali popote.

Nawe msomaji, ukipanga safari ya Kirimba, ukaona juu ya kilichojitokeza neno Patrocinado, jua kwamba mstari huo umelipiwa. Shuka chini kidogo, mtafute mwenye nyumba, umpigie simu. Wengi wao wanajibu kwa Kimwani, Kireno na Kiswahili.